Mililita mbili za mate

Kutoka Nyamisangura, Tarime, Tanzania, hadi mpaka wa Sirari si mbali. Ng'ambo ni Kenya, ambako mwaka 2018 utafiti wa NeuroGAP-Psychosis ulianza kukusanya vinasaba vya watu wenye skizofrenia na maradhi mengine ya akili ya jamii yake, pamoja na vya wasio nayo. Vituo vyake huko vilikuwa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Kazi huanza kwa maneno. Mhoji humweleza mgonjwa lengo la utafiti, madhara yanayoweza kutokea na haki ya kukataa, kisha humuuliza: Utafiti huu unahusu nini? Ni lazima ushiriki? Jibu likiyumba, mhoji hapandishi sauti. Huanza upya, polepole. Asiyeelewa hata baada ya kurudiwa hasajiliwi.

Ndipo kinatolewa kichupa cha plastiki chenye faneli. Mshiriki awe amekaa nusu saa bila kula, kunywa wala kuvuta sigara. Anatema mpaka mate, povu lisihesabiwe, yafike kwenye alama: mililita mbili. Baadhi ya dawa za maradhi ya akili hukausha kinywa, kwa hiyo hata kiasi hicho huweza kuchelewa. Mhoji aliyeiva hamharakishi mtu. Humwambia asugue mashavu taratibu, kisha anangoja.

Yakifika, kifuniko hubanwa hadi kilie, na kimiminika cha kuhifadhi kilichomo ndani yake humwagikia mate. Faneli huondolewa, kizibo hukazwa, kichupa hutikiswa kwa sekunde tano. Sasa sampuli inaweza kukaa bila friji.

Maabara huipasha joto la nyuzi 50, huizungusha kwa kasi ili uchafu utuame, kisha hutia alkoholi. Hapo vinasaba hujikusanya na kuonekana kama nyuzi za pamba.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulitumia vinasaba vya wagonjwa 76,755 na kubaini maeneo 287 ya jenomu yanayohusiana na skizofrenia. Wengi wao walikuwa wa asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani.

Ili kupunguza pengo hilo, Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini zimeshachangia hazina ya NeuroGAP. Siku Tanzania nayo itakapojenga hazina ya namna hiyo, fedha zisiishie kwenye mashine. Kwanza afundishwe na kulipwa vizuri yule anayeuliza swali mara ya tatu bila kuchoka.