Mintarafu ya Kutaja Marejeo: Majina na Miaka ya Watunzi wa Kiswahili

Makala ya uchunguzi hupimwa kwa mambo mawili: kwa hoja zake, na kwa njia ambayo msomaji aweza kuipita ili azikague hoja hizo mwenyewe. Njia hiyo ndiyo marejeo. Mwandishi asemaye kwamba Muyaka alitunga hivi, au kwamba Mwana Kupona aliusia vile, asipoonyesha ni wapi alikoyasoma maneno hayo, huwa amemwomba msomaji imani badala ya kumpa ushahidi. Wako wadhanio kwamba orodha ya marejeo ni pambo la mwisho, kazi ya karani wala si ya mwanachuoni. Dhana hiyo ni dhaifu, na madhara yake huonekana wazi katika uchunguzi wa fasihi ya Kiswahili.

Desturi ya kutaja asili ya maneno si ngeni katika pwani. Wanavyuoni wa Lamu, Mombasa na Unguja waliizoea sanadi, yaani mnyororo wa majina ya watu waliopokezana elimu, mwalimu kwa mwanafunzi. Kilicho kigeni ni umbo lake la leo. Utaratibu wa kuweka jina la mwandishi na mwaka katika mabano husemwa kuwa ulianza katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa maandishi ya mtaalamu wa elimu ya wanyama, Edward Laurens Mark, mwaka 1881. Mwongozo wa Chicago ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1906, na ule wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba tu. Miongozo hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wenye jina la ukoo, na vitabu vyenye mwaka mmoja na mtunzi mmoja. Fasihi ya Kiswahili ikivikwa kanzu hiyo bila kupimwa, kanzu hubana kwapani.

Kasoro ya kwanza ni ya majina. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, huandikwa katika orodha "Robert, S." Lakini Robert ni jina la baba yake, wala si la ukoo. Mazoea hayo yamekwisha kuenea katika maktaba za dunia, na kuyang'oa sasa kungeleta tafrani kuliko faida. Walakini kanuni hiyo hiyo ikitumiwa kwa Mwana Kupona binti Mshamu, huzaliwa mtu ambaye hakuwako kamwe: "Mshamu, M. K." Mtunzi mwanamke amegeuzwa kuwa baba yake, na lile neno la heshima, Mwana, limefupishwa kana kwamba ni jina lake la kwanza. Kadhalika nisba: mwenye kuwapanga watunzi kwa "al-" huwakusanya wote chini ya herufi A, na msomaji amtafutaye Muyaka hamwoni. Watu wa Aisilandi, ambao jina lao la pili kwa kawaida hutokana na jina la baba, huorodheshwa kwao kwa jina la kwanza, wala elimu yao haikupungukiwa na kitu kwa sababu hiyo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya kumweka mhariri mahali pa mtunzi. Mashairi ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa yalipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, na mhariri wake alikuwa W. Hichens. Katika orodha nyingi kitabu hicho hukaa chini ya jina la Hichens, naye Muyaka hubaki katika anwani tu, kama kwamba yeye ndiye aliyehaririwa wala siye aliyetunga. Tena yuko mtu wa tatu asiyetajwa hata kidogo. Mashairi hayo yalikuwa yakihifadhiwa vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi ndiye aliyeyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na W. E. Taylor, na maandishi hayo yakafika London kabla Hichens hajayashika. Msomaji akutanaye na neno la mashaka katika ubeti apaswa kujua kama neno hilo ni la Muyaka, au la msomaji aliyelikumbuka, au la Sikujua, au la mhariri. Rejeo lisemalo "Hichens 1940" peke yake humziba macho asiione hatari hiyo. Hapo sanadi ya wazee ilikuwa na uangalifu kuliko mabano ya leo.

Kasoro ya tatu ni ya miaka. Mwana Kupona aliandika utendi wake mwaka 1275 wa Hijra, na desturi ni kuugeuza kuwa 1858. Lakini mwaka huo wa Hijra ulianza Agosti 1858 ukaisha Julai 1859, na mwenye kuandika 1858 bila alama yoyote huwa amechagua mahali ambapo hana dalili. Utendi wa Tambuka nao, wa mwaka 1141 wa Hijra, waangukia kati ya 1728 na 1729. Kwa vitabu vya karne ya 20 kosa ni jingine. Kusadikika cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ingali chini ya utawala wa Waingereza, na maana ya mashtaka yaliyomo yategemea mwaka huo. Mwandishi akitaja mwaka wa toleo la baadaye peke yake, lililopigwa chapa miaka mingi baada ya mtunzi kufariki, mwanafunzi asiyejua ataisoma hadithi hiyo kama kwamba iliandikwa katika nchi huru, na uhakiki wake wote utakwenda upande.

Watetezi wa miongozo ya kigeni hawakosi hoja. Jarida lahitaji utaratibu mmoja, na programu za kompyuta za kupangia marejeo huwa na nafasi mbili, moja ya ukoo na moja ya jina la kwanza. Hoja hiyo yastahili heshima, kwa maana orodha isiyo na utaratibu ni pori. Lakini utaratibu si lazima uwe wa kuazima wote. Hata programu kama Zotero huruhusu jina zima kuandikwa katika nafasi moja, na mwongozo wowote wa maana huacha mlango wa kutaja mwaka wa kwanza pamoja na mwaka wa toleo lililosomwa.

Yafaa basi majarida ya Kiswahili yashike kanuni chache. Mtunzi wa kale aorodheshwe kwa jina analojulikana nalo kwa watu wake, zima bila kufupishwa: Muyaka bin Haji, Mwana Kupona binti Mshamu. Mhariri afuate baada ya anwani, na mkusanyaji atajwe pale anapojulikana. Mwaka wa Hijra uandikwe kwanza, kisha miaka miwili ya Miladi itenganishwe kwa mkwaju. Kitabu kilichorudiwa kibebe miaka yote miwili. Hati za mkono zitajwe kwa maktaba na namba yake, kwani orodha ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970, ya hati zilizomo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, ilifungua njia hiyo zamani. Vifupisho navyo viwe vya Kiswahili: uk. kwa ukurasa, taz. kwa tazama, na wenzake kwa waandishi wengi.

Kazi hiyo ni ndogo kwa mwandishi, lakini kwa mtunzi aliyekwisha kufa ndiyo stahili yake ya mwisho. Muyaka hawezi kuandika barua kwa mhariri kulalamika kwamba kitabu chake kimewekwa chini ya jina la mwingine. Wa kumsemea ni rejeo lililoandikwa sawasawa.