Pindo na Jina la Grafu

Siku hizi ripoti ya takwimu iliyofanywa kwa haraka unaitambua kwa vichwa vya grafu zake. Unafungua ukurasa wenye grafu ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu, moja kwa kila mkoa, na juu ya kila moja, ndani ya utepe wa kijivu, unakuta maandishi kama "reg_07" au "q104b". Hayo ni majina ya ndani, aliyoyaweka mtu wakati wa kuingiza data ili yamsaidie yeye na kompyuta yake. Msomaji hakupaswa kuyaona kamwe. Fremu ni ileile iliyotoka na programu, kijivu ni kilekile, na ndani yake yamefungiwa matokeo ya kazi iliyowatembeza watu vijijini kwa miezi, juani na mvuani.

Anayevaa kanga anajua kwamba mji, yaani mchoro wa katikati, peke yake haufanyi kanga. Pindo huuzunguka mji na kuutuliza, na jina huupa kauli. Grafu ya paneli nyingi nayo ina mji wake, yaani nukta na mistari inayobeba data. Ina pindo, yaani mipaka na nafasi kati ya paneli. Ina jina, yaani lebo inayosema hapa tunatazama nini. Wengi wetu tumefundishwa kuuchora mji. Pindo na jina tumeviachia mashine.

Zamani haikuwezekana kuviachia. Francis Walker, aliyesimamia sensa ya Marekani ya 1870, alitoa atlasi ya takwimu mwaka 1874 ambamo kila jimbo lilipewa mraba wake, miraba imepangwa pamoja ukurasa mzima ili jicho lilinganishe. Hakuna mstari hata mmoja wa atlasi ile uliojichora wenyewe. Unene wa kila mpaka na mahali pa kila jina viliamuliwa na mtu, tena kabla wino haujashika, kwa sababu jiwe la kuchapia halina kitufe cha kurudi nyuma.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa shayiri. Mwaka 1934 watafiti watatu, Immer, Hayes na Powers, walichapisha mavuno ya shayiri kutoka Minnesota. Data iliyokuja kujulikana ni ya aina 10 zilizopandwa katika vituo 6 kwa miaka miwili, 1931 na 1932, jumla namba 120 tu. Mwaka uliofuata R. A. Fisher alitumia sehemu yake katika kitabu chake cha usanifu wa majaribio, na baada yake wanatakwimu wakaichambua tena na tena. Ikawa kama nguo ya shule, kila mmoja ameivaa na kuivua.

Ndipo William Cleveland wa Bell Labs, katika kitabu chake cha 1993, akaipanga upya. Paneli 6 zilipandana, moja kwa kila kituo, jina la kituo likiwa kwenye utepe juu ya paneli yake, na miaka miwili ikitofautishwa kwa alama mbili. Vituo havikupangwa kwa alfabeti. Vilifuata mediani ya mavuno, Grand Rapids chini kabisa na Waseca juu kabisa. Aina za shayiri nazo zilipangwa hivyohivyo, kutoka Svansota hadi Trebi. Kipimo kilikuwa kimoja kwa paneli zote. Ukishuka na macho kutoka juu unaona 1931 ikizaa kuliko 1932, kituo baada ya kituo, mpaka unapofika Morris. Hapo alama zimebadilishana. Mwaka uliokuwa mbaya kwingine kote ndio uliokuwa mzuri Morris.

Cleveland aliamini kwamba miaka ya Morris iliandikwa kinyume. Mwaka 2013 Kevin Wright alifukua kumbukumbu zaidi za majaribio ya Minnesota, akaonyesha kwamba huenda hakuna kosa lolote, kwa kuwa hali ya hewa ya mahali inaweza kabisa kugeuza mavuno namna ile. Wabishane wenyewe. Mimi kinachonigusa ni kwamba jambo hilo lilikuwa wazi ndani ya zile namba kwa karibu miaka 60, likapitiwa na macho makali kuliko yangu, na likaja kujitokeza pale mtu alipojali paneli ipi ikae juu ya ipi, na jina lake liandikwe wapi.

Ufundi huo ukaingia kwenye msimbo. Ross Ihaka na Robert Gentleman walikuwa wameianzisha lugha ya R kule Auckland, New Zealand. Deepayan Sarkar akaiandikia programu ya lattice, iliyofuata mawazo ya Cleveland, na mwaka 2007 Hadley Wickham akatoa ggplot2, ambayo ndiyo iliyoenea maofisini na vyuoni. Waandishi wa programu hizi walimwachia fundi kila kitu mkononi. Utepe una sehemu yake katika msimbo, maandishi ya utepe yana yake, mpaka wa paneli una wake, na nafasi kati ya paneli ina yake. Mwenye kutaka kuamua, anaweza kuamua.

Na humo ndimo mna mitego inayomtofautisha fundi na mpita njia. Katika ggplot2, mpaka wa paneli, panel.border, huchorwa juu ya data, mwisho kabisa. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeomba fremu nyeusi bila kuandika fill = NA alipata fremu nyeusi safi yenye weupe mtupu ndani; nukta zote zilikuwa pale chini, zimefunikwa na rangi. Mwingine huziunganisha paneli kwa kuweka nafasi ya sifuri kati yake, kisha anashangaa kuona mistari ya katikati imenenepa kuliko ya pembeni, kwa sababu mipaka miwili imekutana mahali pamoja. Fundi hupunguza unene, au huacha upenyo mdogo, au huondoa mpaka kabisa na kuacha nafasi ifanye kazi ya mstari.

Namfahamu mzee mmoja mwenye kazi hii. Akimaliza mchoro haamini skrini. Anauchapa kwenye karatasi, anaunyoosha mkono, anautazama kwa mbali akiwa amekunja jicho moja. Kisha anaziba majina yote kwa kiganja na kujiuliza bado zinaonekana paneli ngapi. Kijana wa ofisini aliwahi kumkuta katika hali hiyo.

"Shikamoo mzee. Hiyo si inasomeka tu?"

"Marahaba. Inasomeka na nani?"

Kijana alicheka. Mzee hakucheka. Alirudi kwenye kompyuta, akapunguza kijivu cha utepe hadi kikakaribia weupe, akasogeza jina la mkoa likaanzia kushoto, mahali jicho linapoanzia kusoma. Ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyomchukua kukokotoa matokeo yenyewe, na tofauti yake mtu asiyejua asingeiona. Angesoma tu bila kukwama.

Majina yana mambo. Tanzania ina mikoa 31, na mashine ikiachwa hupanga majina kwa alfabeti. Hapo Kaskazini Pemba hukaa katikati ya Kagera na Katavi, kisiwa cha bahari kimebanwa kati ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, na msomaji anayetafuta sura ya pwani inabidi aikusanye vipande vipande kutoka Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, Pwani na Tanga, kila mmoja kona yake. Mikoa ikiandikwa kwa namba zilizohifadhiwa kama maandishi, ndiyo balaa: 10 na 11 hutangulia 2. Jina refu kama Kaskazini Unguja hukatwa mwishoni kwa kukosa nafasi, likabaki nusu, wakati mstari mmoja wa msimbo ungelivunja kwenye nafasi ya katikati likakaa kwa mistari miwili, tulivu.

Mstari mmoja. Hapo ndipo lawama yangu inapokaa. Fundi wa jiwe na wino, akitaka ukurasa wa pili, alianza upya. Sisi tukiandika vizuri mara moja, msimbo huurudia ufundi wetu kwa ripoti zote zijazo, bila kuchoka na bila kudai chochote. Tumepewa urahisi ambao wale hawakuuota, nasi tumeutumia kuacha kuangalia. Vijana wanarithishana faili za msimbo kama zilivyo, pamoja na kijivu chake, na anayeuliza kwa nini utepe uko hivyo huambiwa kwamba ndivyo ulivyotoka.

Anayeumia ni ofisa wa wilaya aliyepewa ripoti hiyo Ijumaa jioni na kutakiwa kuamua Jumatatu. Anatafuta mkoa wake kati ya majina yaliyokatwa, hauoni, anafunga kitabu, na anaamua kwa kukisia kama alivyokuwa akifanya kabla ya utafiti. Wafadhili wamelipa, wadodosaji wamechoka, namba ni za kweli. Kazi nzima imekufia mlangoni kwa kukosa mtu wa kuandika jina la mkoa likasomeka.