Sifa za Kisu cha Bei Nafuu

Chungwa la Muheza halimenywi kwa pupa. Ganda la kijani linatakiwa litoke utepe mmoja mrefu, na ule weupe wa chini ubaki mzima, kwani ukitoboka chungwa linavujia kiganjani kabla halijafika mdomoni. Wauza machungwa hufanya kazi hiyo huku wakipiga soga na kurudisha chenji, wala kisu hawakitazami. Mimi si wa daraja lao. Lakini kwa chungwa hilohilo ndipo ninapopimia visu vya kukunja, vile vya kutia mfukoni, tena vya bei ya chini tu, na sijapata mizani iliyo kali zaidi. Chungwa halijali mpini umenakshiwa vipi wala boksi limeandikwa nini. Lina swali moja: nyuma ya makali, bapa ni jembamba kiasi gani?

Nasema vya bei ya chini kwa makusudi. Kisu cha fedha nyingi kikikata vizuri hakuna cha kushangaza. Mnunuzi kalipa, kapata. Kisu kinachouzwa kwa bei ya mlo mmoja wa mgahawani kikikata vizuri mwaka baada ya mwaka, ujue kuna mtu aliyekaa akapiga hesabu: niondoe nini, nibakize nini, na ile senti ya mwisho niiweke wapi. Hesabu hiyo ndiyo ufundi ninaotaka kuusifu. Tumezoea kumsifu fundi kwa alichoongeza. Huyu anastahili sifa kwa alichokiacha.

Vibaya tuvimalize upesi. Katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi kipo kisu kinachong'aa chenye mkasi, kifungua chupa, msumeno wa urefu wa kidole na kitochi. Bapa lake ni nene kutoka mgongoni mpaka karibu kabisa na makali, hivyo chungwa hulipasua badala ya kulimenya, na kwenye muwa hukwama katikati ya pingili. Kitochi, nakiri, kinawaka. Aliyekitengeneza aliweka fedha yake mahali ambapo jicho la mnunuzi litatua kwa nusu dakika akiwa dukani, na baada ya hapo hakuwa na habari naye.

Sasa tazama hesabu ya pili. Mwaka 1890, katika milima ya Savoie huko Ufaransa, kijana wa miaka 18 aitwaye Joseph Opinel alitengeneza kisu cha kukunja katika karakana ya baba yake, ambaye alikuwa mhunzi wa mashoka na miundu. Kufikia 1897 visu hivyo vilikuwa na saizi kumi na mbili, kuanzia namba 1, kidogo kabisa, hadi namba 12. Ninachotumia ni namba 8, chenye bapa la sentimita 8.5. Ukikiweka mezani na kukihesabu viungo vyake, unamaliza kabla hujaanza: bapa, mpini, msumari mmoja wa kuvishikiza, na pete ya chuma shingoni. Springi hakuna. Vibati vya ubavuni hakuna. Mpini ni kipande kimoja cha mti wa hêtre, mti wa kawaida kabisa katika misitu ya Ufaransa, kilichochongwa mviringo kwenye mashine na kupasuliwa mfereji kwa msumeno. Mwaka 1955 Marcel Opinel, mtoto wa Joseph, aliongeza pete ya pili inayozunguka. Unaizungusha kwa kidole gumba, bapa linafungwa lisije likakurudia vidoleni. Katika zaidi ya miaka 130 hilo ndilo badiliko kubwa.

Fedha iliyookolewa kwenye springi na vibati ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye bapa. Mgongo wake haufiki milimita 2, na kutoka hapo ubavu unateremka kwa mbinuko mdogo sana, ambao macho yanaweza kuukosa lakini kidole kinauona, mpaka makali. Ndiyo maana ganda la chungwa hutoka kwa kusukuma tu, bila kusokota kiwiko. Kitunguu hukatika bila kusagika. Penseli ya mtoto huchongeka ikawa na ncha ndefu, na mkate wa boflo haumwagi makombo yote mapajani. Kisu kizima kina uzito wa gramu 45 hivi. Ukikitia mfukoni unakisahau, na suruali haiinami upande mmoja.

Kina kasoro yake, na kasoro hiyo inatoka kwenye hesabu ileile. Mti hunywa maji. Masika yakishika kweli, au ukikiosha ukakiacha kwenye karai, mpini huvimba na kubana bapa kiasi kwamba ukucha unavunjika na bapa halitoki. Watu wa Savoie wana dawa yao: unageuza kisu, unagonga kitako cha mpini kwenye meza kavu, na bapa hutokeza kidogo, kiasi cha kushikika. Kuna wanaopaka nta ndani ya mfereji. Mimi naona kugonga kunatosha, na wageni wakiona hudhani ni mbwembwe.

Kisu hicho huuzwa kwa chuma cha aina mbili, na hapa mtu wa pwani anapaswa kusimama afikiri. Kipo cha chuma cha kaboni, ambacho hunoleka kwa jiwe lolote la maana lakini hushika kutu. Na kipo chenye kromi, zaidi ya asilimia 10, ambacho kutu hukikwepa lakini kinoo hukitolea jasho zaidi. Cha kaboni ukikatia ndimu au embe bichi hugeuka rangi papo hapo. Utomvu wa ndizi za kupika hukipaka weusi usiotoka kwa sabuni. Siku za mwanzo chungwa huwa na ladha ya msumari. Subiri. Baada ya majuma kadhaa bapa lote huwa la kijivu chenye mawingu ya buluu, ladha ile huisha, na utando huo wenyewe huanza kulizuia lisishike ile kutu nyekundu inayokula chuma. Anayeishi ambako upepo wa bahari unatia chumvi hata kwenye vitasa vya milango achukue cha kromi, nami sitamlaumu. Mimi nimechagua cha kaboni. Napenda kinoo kinapokijibu upesi, na napenda kuona bapa limeandikwa kazi lililofanya.

Kuhusu chuma kuna jambo ambalo wauzaji hulizungusha sana, nalo ni jepesi kulieleza. Ugumu wa kisu hauji kwa kununua chuma cha fahari. Unakuja kwa moto. Bapa la kaboni hupashwa mpaka liwe jekundu, nyuzi 800 hivi, kisha huzamishwa ghafla kwenye mafuta. Hapo linakuwa gumu, lakini gumu la kuvunjika: lidondoshe sakafuni, vipande viwili. Kwa hiyo hurudishwa motoni, safari hii moto mdogo wa nyuzi 200 hivi, likubali kulegea kidogo. Likilegezwa mno, makali yatajikunja. Likiachwa bila kulegezwa, yatamegeka. Moto huo ni uleule kwa kisu cha tajiri na kisu cha mkulima. Kinachotofautiana ni aliyekuwa akiuangalia. Kupima kama aliangalia, mimi hutumia kamba ya katani, ambayo Tanga haikosekani. Kata vipande kadhaa, halafu rudi kwenye nyanya mbivu. Makali yakiteleza juu ya ngozi ya nyanya, aliyekuwa kwenye tanuru siku hiyo alikuwa na mawazo mengine.

Kisu kingine kilicho mezani kwangu hakina utulivu wa kile cha Ufaransa. Ni Okapi, na nilikirithi kwa mjomba. Mpini wake wa mti umepinda, umepachikwa nyota na miezi ya bati, na mgongoni una pete ya chuma. Ukikifungua hulia kra-kra-kra, kwa sababu springi yake inaruka jino baada ya jino. Ukitaka kukifunga unavuta pete, springi inainuka, bapa linaachiliwa. Visu hivi vilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, makusudi kwa soko la makoloni ya Wajerumani Afrika, nchi yetu ikiwa mojawapo. Mnyama aliyewapa jina, okapi wa misitu ya Kongo, alikuwa ameingia katika vitabu vya wanasayansi wa Ulaya mwaka mmoja tu uliotangulia, ingawa Wambuti wa Ituri walimjua tangu enzi. Kwa hiyo mkulima wa Usambara aliuziwa kisu cha Ulaya kilichopewa jina la mnyama wa Afrika ambaye yeye na muuzaji wote wawili hawajawahi kumwona. Biashara ina vichekesho vyake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 visu hivyo hutengenezwa Afrika Kusini.

Kule Afrika Kusini, na Jamaika pia, Okapi kina sifa mbaya. Mlio wake umehusishwa na ugomvi wa vilabuni. Mjomba hakupigana na mtu. Alikuwa mtu wa vitalu vya michungwa, na kazi aliyoifanya kwa kisu hicho ni kubebesha miche. Shina la mlimau huchanjwa ganda kwa umbo la msalaba usio na kichwa, ganda linainuliwa kwa ncha, jicho lililokatwa kwenye mchungwa mzuri linatelezeshwa ndani, kisha vyote hufungwa kwa ukanda wa nailoni. Hapo kisu hakina nafasi ya kubahatisha. Kikiwa butu hulisaga ganda badala ya kulichanja, kidonda hakiungi, jicho linakauka. Kipo kisu maalumu cha kazi hiyo, na bei yake ni maalumu vilevile. Wabebeshaji wengi hutumia walichonacho, wengine hata wembe. Alichokuwa nacho mjomba kilikuwa mfukoni, akakinoa kila asubuhi kwa kinoo chenye shimo katikati kwa kutumika.

Kunoa kwenyewe kumeleta mafundi wa namna yake. Huku kwetu wapo wanoa visu wa baiskeli: wanaisimamisha kwa stendi, wanapiga pedeli, jiwe la duara linazunguka mbele yao na cheche zinaruka. Nilimpelekea mmoja kile namba 8. Alikigeuza, akakipima kwa kucha, akanirudishia. "Hiki chembamba, kaka. Jiwe langu litakiunguza. Kanoe nyumbani na maji." Alisema kweli tupu: penye wembamba ule joto la jiwe kavu hupanda upesi na kuufuta ugumu wote uliopatikana tanuruni. Niliona ameikataa pesa kwa heshima ya kazi ya mtu asiyemjua, nikamnunulia soda.

Wanoaji wa zamani wa Thiers, mji mwingine wa visu huko Ufaransa, walilijua hilo pia, na mawe yao yalizunguka ndani ya maji. Mto Durolle ndio uliokuwa ukiyasukuma. Mnoaji alilala kifudifudi juu ya ubao, kichwa na mikono vikining'inia juu ya jiwe, akikandamiza bapa kwa uzito wa mwili wake kutwa nzima katika ubaridi wa bonde. Mbwa wake alilala juu ya miguu yake, wapashane joto. Maji yenye vumbi la jiwe yaliwarukia mpaka wakaitwa wenye matumbo ya manjano. Kisu cha bei nafuu kilitoka kwenye matumbo hayo, na nikisema nasifu ufundi simaanishi nasifu ubao ule. Mji huohuo ndio uliotoa Douk-Douk mwaka 1929, kisu ambacho mpini wake ni bati moja lililokunjwa, basi, na juu yake pamechorwa zimwi la visiwa vya Pasifiki, kwa kuwa huko ndiko walikotaka kukiuza. Kikapendwa zaidi Afrika Kaskazini. Sijapata kukitumia muda wa kutosha kukihukumu. Lakini bati moja lililokunjwa! Hesabu ileile ya kuacha, imefikishwa mwisho.

Okapi ya mjomba imezeeka. Bapa limekwisha kwa kunolewa, limebaki karibu nusu ya upana wake, na kwa kumenya chungwa limekuwa bora kuliko lilipokuwa jipya. Mwaka jana msumari ulilegea, bapa likawa linacheza. Kisu cha vifaa vingi kikifika hapo hutupwa, maana kimebanwa kwa skrubu za vichwa vya ajabu ambazo bisibisi ya mtaani haiziwezi. Hiki nilikipeleka kwa fundi baiskeli. Aliulaza msumari juu ya kipande cha nondo, akaugonga kichwa upande huu, akageuza, akaugonga upande wa pili, akakifungua na kukifunga kusikiliza mlio, akaongeza pigo moja dogo. Alinitoza bei ya kuziba pancha.