Safari ya Angani na Tatizo la Kusadikiwa: Miraji, Kusadikika na Walenisi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kudai kwamba bunilizi za kisayansi na za kifantasia ni uwanja ambao watunzi wetu hawajaulima. Dai hilo lina ukweli ikiwa tunatafuta roboti na maabara. Lakini ikiwa tunamtafuta msafiri anayevuka mipaka ya dunia aijuayo, kisha akarudi na habari ambazo waliobaki hawana njia ya kuzipima, basi uwanja huo ulilimwa zamani na watunzi wa tenzi.

Tenzi za Miraji, ambazo zimesomwa katika pwani yetu kwa vizazi vingi, husimulia jinsi Mtume Muhammad alivyopaishwa mbinguni usiku mmoja. Wengi huvutiwa na Buraki na mbingu saba. Mwandishi wa makala hii huvutiwa zaidi na asubuhi iliyofuata. Msafiri anasimulia, Makureshi wanamcheka. Wanamtaka aeleze Baitul Mukadasi ilivyo, naye anaieleza. Kwa mujibu wa mapokezi, Abubakar aliitwa Siddiki kwa kuwa alisadiki bila kusita. Safari ni nusu tu ya kisa. Nusu ya pili ni ushahidi.

Jina la Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka wa 1951, linatokana na mzizi uo huo. Hatudai kwamba mwandishi aliikusudia Miraji. Tunachosema ni kwamba suala ni lile lile: nani atamsadiki aliyekwenda na kurudi? Kitabu hiki husomwa aghalabu kama istiari ya utawala dhalimu, na usomaji huo si wa makosa, ila umetuzoesha kulipita umbo lake mbiombio. Ndani ya kesi ya Karama mna hadithi fupi sita za ajabu, kila moja na mjumbe wake: wanne wa pande nne za dunia, mmoja wa mbinguni, mmoja wa ardhini. Huyu wa mwisho ndiye hodari kuliko wote kifani. Kwa kuwa Kusadikika ni nchi inayoelea angani, ardhi yetu hii tunayoikanyaga ndiyo inayogeuka kuwa ugenini. Sijui mbinu ya kisayansi-bunilizi iliyo safi zaidi ya hiyo, na haikuhitaji hata mtambo mmoja.

Wajumbe wote waliporudi walifungwa. Kwa hiyo, tofauti na Miraji, hapa msafiri hapewi nafasi ya kujisemea. Anasemewa na mshtakiwa. Wasomaji hulalamika kwamba hadithi hizi zinafanana mno, kwamba mtu akifika ya tatu ameshaijua ya sita. Kama hadithi, lawama hiyo inastahili. Kama ushahidi, haistahili hata kidogo: mjumbe mmoja akifungwa yaweza kuwa bahati mbaya, lakini wakifungwa sita huo ni utaratibu wa serikali. Karama anahitaji idadi, si anuwai.

Walenisi ya Katama Mkangi (1995) si hadithi fupi, lakini ndiyo iliyoirithi safari hiyo na kuipa chombo cha angani. Mkangi alitiwa kizuizini mwaka wa 1986, na si ajabu kwamba mpangilio umepinduliwa. Hukumu imetangulia, safari imefuata. Dzombo anatiwa katika chombo ambacho kwa watawala wake ni njia ya kuua, nacho kinamfikisha kwenye jamii iliyo huru. Mahakama imeachwa nyuma. Anayetakiwa kusadiki sasa ni msomaji, na jina la nchi, likikatwa vipande, linamwambia kwamba wale ni sisi.

Hapa ndipo penye upungufu ambao sifa za riwaya hii zimeufunika. Sehemu ya safari ina hofu ya kweli; chombo kikishatua, wenyeji wanaanza kufafanua, na ufafanuzi unageuka darasa. Dzombo huuliza, ndiyo, lakini huuliza kama mwanafunzi. Makureshi waliuliza kama mahakimu, na kwa ukaidi wao jengo la mbali likaelezwa likaonekana. Msomaji wa Walenisi naye angetaka kumbana mwenyeji mmoja amweleze mlango ulivyo na dirisha lilivyo, ila Mkangi hakumwekea mtu wa kuuliza hivyo kwa niaba yake.