Barakoa Isiyo na Shahidi: Uhakiki wa Filamu ya Insee Daeng (2010) kwa Mtazamo wa Upokezi wa Kitaya, Mtwara

Utangulizi

Uhakiki huu unachunguza usawiri wa shujaa anayejichukulia sheria mkononi katika filamu ya Kithai ya Insee Daeng, yaani Tai Mwekundu, iliyoongozwa na Wisit Sasanatieng. Mkabala uliotumika ni Nadharia ya Upokezi, hususan dhana ya upeo wa matarajio iliyoendelezwa na Hans Robert Jauss. Kwa mujibu wa dhana hiyo, maana ya kazi ya sanaa hukamilishwa na matarajio ambayo hadhira huja nayo. Upeo unaozingatiwa hapa ni wa Kitaya, kijiji cha mkoa wa Mtwara kilichopo kandokando ya Mto Ruvuma, mahali ambapo kufunika uso kuna kanuni zake za kale. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa Tai Mwekundu hauko katika ukatili wake, bali katika kukosa shahidi: hakuna jamii inayomjua na inayoweza kumwajibisha.

Historia ya Mhusika

Rom Rittikrai alibuniwa na mwandishi Sek Dusit katika riwaya zake, kisha akaigizwa katika mfululizo wa filamu na Mitr Chaibancha. Mitr alifariki tarehe 8 Oktoba 1970 alipokuwa akiigiza onyesho la mwisho la Insee Thong, yaani Tai wa Dhahabu, baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi ya kamba iliyoning'inia kwenye helikopta. Kifo hicho kilimfanya mwigizaji na mhusika wasitenganike katika kumbukumbu ya watazamaji. Hata hivyo, jambo lenye uzito zaidi kwa uhakiki huu limo katika msuko wenyewe: mhalifu anavaa barakoa nyekundu na kutenda uovu kwa jina la shujaa, na shujaa analazimika kubadili rangi ili ajitofautishe naye.

Katika filamu ya 2010, Rom ni askari wa zamani aliyetawaliwa na mofini. Waziri Mkuu aliyeahidi kupinga kinu cha nyuklia anaigeuka ahadi yake, na Tai Mwekundu anawaua viongozi wala rushwa. Filamu ilitoka Oktoba 2010, miezi michache baada ya machafuko ya Bangkok ya Aprili na Mei yaliyoua watu zaidi ya 90. Hasira ya kisiasa iliyomo ndani yake, basi, haikuwa ngeni kwa hadhira ya kwanza. Lakini filamu inaishia kwa ahadi ya mwendelezo, na mgogoro unabaki bila suluhu.

Lipiko na Barakoa

Kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, mvaaji wa kinyago cha lipiko hufunika kichwa na mwili wote. Asiyepitia jando hapaswi kujua ni nani aliyemo. Hata hivyo, siri hiyo haimilikiwi na mvaaji. Wazee wanaijua, na vijana wa jandoni hufunuliwa kwamba aliyewatisha utotoni ni binadamu. Kufunuliwa huko ni sehemu ya kuwa mtu mzima. Siri ya Rom, kinyume chake, ni mali ya mtu mmoja. Ndiyo maana barakoa yake inaweza kuibwa, kama Insee Thong inavyoonyesha, na filamu ya 2010 hailikabili swali hilo.

Upokezi wa Mpakani

Utamaduni wa vibanda vya video nchini Tanzania unaongeza shahidi mwingine. Msimulizi wa filamu, katika jadi iliyopata umaarufu kupitia Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, huitafsiri filamu ya kigeni na pia huwatambulisha, kuwakejeli na kuwahukumu wahusika. Sauti yake humrudisha shujaa aliyejificha mbele ya baraza.

Upeo huu ulipata jeraha tarehe 14 Oktoba 2020, wakati watu wenye silaha walipovuka kutoka Msumbiji na kuishambulia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Inaweza kudaiwa kwamba mahali penye hofu ndipo panapomhitaji zaidi mwokozi asiyejulikana. Dai hilo lina nguvu, na ndilo linaloipa filamu mvuto wake. Lakini kwa mwanakijiji wa mpakani, mtu mwenye silaha asiyejulikana jina wala ukoo ndiye hatari yenyewe. Hata sungusungu walioibuka Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, pamoja na lawama za ukatili zilizowaandama, walikuwa watu wa kijiji kilichowajua kwa majina.

Hitimisho

Imebainika kwamba Insee Daeng inauliza kwa ujasiri nani awaadhibu wakubwa sheria inaposhindwa, lakini haiulizi nani atamkanya mwadhibu. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Tai Mwekundu hakuchongwa na wale anaowatetea. Kwa hiyo, katika upeo wa Kitaya, hata wao wana sababu ya kumwogopa.