Gulwe: mwaka wa kudadisi uanze Oktoba

Mwalimu wa shule ya msingi anapoandaa azimio la kazi hufungua muhtasari, akagawanya mada kwa majuma, Januari hadi Novemba. Gulwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, utaratibu huo unalikosesha darasa somo kubwa kuliko yote yanayopatikana pale: maji ya mvua huenda wapi, na huondoka na nini? Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Shule zikifunguliwa Januari, sehemu nzuri ya jibu imeshapita chini ya madaraja ya reli.

Swali hilo wenyeji wanaishi nalo. Mto Kinyasungwe unafuatana na Reli ya Kati kuanzia Gulwe, mbele unaitwa Mkondoa, kisha unaingia Wami hadi Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi. Kila mtoto wa hapo amesikia habari za tuta lililobebwa na maji. Wachache wameulizwa tope lile lilitoka shamba gani.

Jibu lilianza kutafutwa karibu sana. Miaka ya 1930, R. R. Staples, mtafiti wa malisho mjini Mpwapwa, alitenga vitalu kwenye mteremko mmoja: kimoja kitupu, kingine cha mazao, kingine cha majani, kingine cha kichaka kisicholishwa mifugo. Chini ya kila kitalu alikinga maji na udongo uliokuja nayo. Kitalu kitupu kilipoteza takriban nusu ya maji ya mvua, na udongo zaidi ya tani 140 kwa hekta kwa mwaka. Cha mazao kilipoteza kama nusu ya udongo huo. Cha majani, karibu hakuna kitu. Uzuri wa jaribio hili kwa mtoto ni kwamba halina fumbo: mvua ni ile ile, mteremko ni ule ule, kilichobadilika ni kilichoota juu.

Darasa la V linaweza kulirudia kwa vitalu vitatu, kitupu, cha mazao na cha majani, kila kimoja cha mita moja kwa mita moja, kingo za matofali au udongo wa mfinyanzi, kipande cha bati kikiongoza maji kwenye ndoo iliyofukiwa. Ukubwa huo una sababu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 20 inaleta lita 20, na kitalu kitupu kikimwaga nusu, ndoo ya kawaida inatosha. Ukipanua kitalu kwa tamaa, ndoo itafurika na kipimo kitapotea. Udongo upimwe hivi: koroga ndoo, chota lita moja, acha itulie, mwaga maji, anika, kapime dukani, kisha zidisha kwa lita zilizokusanywa. Hisabati, Sayansi na Jiografia na Mazingira zimekutana bila mwalimu kulazimisha.

Ugumu uko kwenye zamu. Mvua haijui Jumamosi wala likizo, na ndoo isiyomwagwa inaharibu kipimo cha mvua inayofuata. Wachaguliwe watoto wanaokaa jirani na shule, wawe na daftari moja tu, na siku iliyorukwa iandikwe kuwa imerukwa. Mtoni wasipelekwe masika. Waende Julai, mchanga ukiwa mkavu, wapime alama za maji kwenye kingo. Kiangazi cha katikati ya msimu, ambacho mara nyingi huja Februari, ni wakati wa kuwauliza wazee makorongo yalianza lini.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaja akili ya kudadisi miongoni mwa mambo ambayo shule lazima ijenge. Shule nyingi zilichukua jembe na kuliacha swali, na shamba la shule likawa kibarua. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unasisitiza tena ujuzi na kutenda, lakini azimio la kazi likibaki la kufuata kurasa za kitabu, mambo yatakuwa yale yale.

Kwa hiyo vitalu vijengwe Oktoba. Darasa la IV wakati huo linabanwa na upimaji wa kitaifa, basi la V linalokaribia kumaliza mwaka ndilo lichimbe, lifundishe wadogo zao kusoma ndoo, na kuwakabidhi daftari kabla ya kufunga shule. Walimu wakuu wa Gulwe, Godegode na Msagali, matofali na ndoo mnavyo. Tengeni mteremko mmoja nyuma ya madarasa kabla mvua ya kwanza haijanyesha.