Sifa ya Fundi Anayeuliza Kwanza

Gari lililotembea vizuri mpaka jana usiku, leo asubuhi unageuza ufunguo na halifanyi kitu. Mwenye gari huwa na jibu tayari: betri imekufa. Majirani nao wana yao: stata, fyuzi, panya wamekata waya. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi, na ugumu uko hapo hapo. Hitilafu nyingi zina dalili moja. Kuibaini iliyo ya kweli bila kubahatisha ni ufundi kamili, nao unastahili heshima kubwa kuliko tunayoupa.

Nimewatazama mafundi umeme wa magari pale Gerezani, Dar es Salaam. Walio bora hawakimbilii spana. Huanza na swali: "Dada, inazunguka ila haiwaki, au haizunguki kabisa?" Swali hilo moja linaigawa shida katikati. Injini inayozunguka bila kuwaka humpeleka fundi kwenye mafuta, cheche au taimingi. Isiyozunguka humrudisha kwenye betri, nyaya nene, swichi, stata, au injini yenyewe iliyokwama. Kuuliza si ujinga, na kwa fundi wa namna hii kuuliza ni nusu ya kazi.

Kisha anasema, "Piga stata," na anatega sikio huku jicho likiwa kwenye taa za dashibodi. Ikisikika ta-ta-ta-ta ya haraka na taa zikafifia, ameshaanza kuelewa. Juu ya stata kuna solenoidi, sumaku ya umeme inayosukuma gia ndogo ishike meno ya flaiwili na papo hapo kuunganisha umeme mkubwa wa mota. Betri dhaifu ina nguvu ya kuivuta sumaku hiyo, lakini mota ikidai ampea zake, ambazo huzidi 100, volti zinaporomoka na sumaku inaachia. Mzigo ukiondoka volti zinapanda, sumaku inavuta tena, inaachia tena. Mlio ule ni betri inayojaribu na kushindwa mara kadhaa kwa sekunde.

Ikisikika "tak!" moja nzito na taa zisitikisike, umeme umefika kwenye solenoidi lakini haupiti kwenda kwenye mota. Huenda vipande vya shaba ndani yake vimeliwa, au kaboni za stata zimekwisha. Pakiwa kimya kabisa na taa zinang'aa, anaifuata njia ya umeme mdogo: fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, na kwa gari la otomatiki, kama gia imekaa sawasawa kwenye P. Ataijaribu pia kwenye N kabla ya kufungua chochote.

Sikio humwonyesha pa kuanzia, na mita humthibitishia. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Hata hivyo, fundi makini haridhiki na betri iliyopumzika, kwa kuwa yenye kusoma vizuri inaweza kuanguka ikibebeshwa mzigo. Kwa hiyo anaipima wakati stata inapigwa. Ikishuka sana chini ya 9.6, anaishuku. Isiposhuka, anafanya kipimo ninachokipenda kuliko vyote: ncha moja ya mita anaigusisha kwenye kichwa cha betri, ile risasi yenyewe, na ncha ya pili kwenye kibano kinachoikumbatia. Ni vyuma viwili vilivyogusana, kwa hiyo stata ikipigwa, mita inapaswa kubaki karibu na sifuri. Ikiruka hadi volti kadhaa, umeme unakwama pale pale, chini ya unga mweupe wa kutu. Anafungua kibano, anakisugua kwa msasa hadi king'ae, anakaza, na injini inaitika. Mteja aliyekuja na fedha za betri mpya anaondoka na betri yake ile ile.

Kuna pia maarifa ya kutojaribu. Wakati wa masika, Mto Msimbazi unapofurika Jangwani, yapo magari yanayozimika ndani ya maji. Hapo fundi anakataza ufunguo usiguswe. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa yameingia kwenye silinda na stata ikalazimishwa, konrodi inapinda. Anatoa plagi, anaweka spana kwenye boliti ya puli ya krenki, anaizungusha injini taratibu kwa mkono, akihisi kama kuna kinachoizuia. Madereva wa zamani walikuwa na hisia hiyo kila siku kupitia hendeli ya kuzungushia injini. Stata ya umeme ya Charles Kettering, iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, ilituokoa na hendeli zilizokuwa zikivunja mikono, lakini ilitunyima kuihisi injini. Fundi wetu bado anayo hisia hiyo mkononi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu malipo. Wateja tumezoea kulipia kipuri na jasho. Fundi akitumia nusu saa kutafuta na dakika tano kusugua kibano, tunamwambia, "Si umesafisha tu?" Kwa maneno hayo tunamfundisha kwamba kubadilisha vifaa kunalipa kuliko kufikiri, kisha tunalalamika tunapouziwa stata tusiyoihitaji. Tupatane bei ya uchunguzi kabla boneti haijafunguliwa, na tuilipe hata kama hakuna kipuri kilichonunuliwa. Na kijana anayejifunza kazi gereji apewe mita mapema, afundishwe kusema "sijajua bado" bila aibu. Fundi anayetuonyesha kwa hakika ni kipi kizima na kipi kibovu ameshafanya sehemu ngumu ya kazi, na ndiyo tunayopaswa kuilipia kwanza.